Barua ya wazi: Upinzani uketi panapojadiliwa mshahara, na uketi kama upinzani

Kwa Mheshimiwa Rais. Waziri wa Leba na Ulinzi wa Jamii. Viongozi wa walio wachache katika Bunge la Kitaifa na Seneti. Katibu Mkuu wa COTU, shirikisho la vyama vya wafanyakazi. Na Mkurugenzi Mkuu wa Shirikisho la Waajiri, FKE.

Waheshimiwa,

Nawaandikia kutoka Changamwe, Mombasa, ambako wenzangu kiwandani walinichagua niwe mwakilishi wao wa chama cha wafanyakazi. Kazi hiyo haina mshahara wake. Ni kuitwa ofisini mtu akipewa barua ya onyo, ni kusoma CBA, mkataba wa chama na mwajiri, hadi usiku, na kila mwisho wa mwezi ni kuzungukwa na watu walioshika payslipu wakiuliza hiki ni nini na kile kimetoka wapi. Nimechoka kuwajibu kwamba ni sheria.

Ombi langu ni moja. Vyama vya upinzani vipewe kiti katika mazungumzo ya serikali, waajiri na wafanyakazi kuhusu mishahara, na kuhusu makato na kodi zinazogusa mishahara. Kiti hicho kiwe cha kisheria, kazi yake ionekane na kila mtu, na anayekikalia abaki kuwa mpinzani. Kwa sasa upinzani wa Kenya una njia mbili tu za kuzungumza na serikali juu ya maisha yetu. Ya kwanza ni barabarani, sufuria kichwani na vitoa machozi hewani. Ya pili ni faragha, na wengi wanaoingia huko wakiwa wapinzani hutoka wakiwa mawaziri. Katikati ya njia hizo mbili pana meza inayojadili mshahara kwa jina lake, na hapo upinzani haupo.

Niruhusuni nifungue payslipu moja, maana ndipo maneno haya yote yanapoangukia. Mchukueni mtu anayelipwa jumla ya shilingi 30,000 kwa mwezi. Mwaka 2022 alikuwa akikatwa shilingi 200 za NSSF, akiba ya uzeeni, na shilingi 900 za NHIF, bima ya afya ya wakati huo. Jumla 1,100. Kufikia mwaka 2025 mtu huyo huyo, kwa mshahara huo huo, alikuwa akikatwa asilimia 6 ya NSSF, yaani shilingi 1,800, asilimia 1.5 ya nyumba za bei nafuu, shilingi 450. Na asilimia 2.75 ya SHIF, bima ya afya iliyochukua nafasi ya NHIF, shilingi 825. Jumla 3,075, na hapo PAYE, kodi ya mapato, bado haijaguswa. Haki isemwe: kwa mtu wa kiwango hiki bima ya afya yenyewe ilishuka kwa shilingi 75, na makato hayo sasa huondolewa kwanza kabla ya kodi kupigwa hesabu. Lakini yakijumlishwa yote matatu, yamekaribia mara tatu ya yalivyokuwa. Kima cha chini cha mshahara kilipanda kwa asilimia 6 kuanzia Novemba 2024, nyongeza ambayo Rais aliitangaza Leba Dei ya mwaka huo. Aliye juu ya kima cha chini hakuongezewa kitu na tangazo hilo. Anasubiri CBA, kama kiwanda chake kina CBA.

Sasa tazameni jinsi kila kato lilivyokuja. La NSSF lilitokana na sheria ya mwaka 2013 iliyokwama mahakamani karibu miaka kumi, hadi Mahakama ya Rufaa ilipoifungulia njia Februari 2023. La nyumba liliingia kupitia Sheria ya Fedha ya 2023. La SHIF likaja na sheria ya bima ya afya ya jamii ya mwaka huo huo, na kuanza kukatwa Oktoba 2024. Kila moja lilikuwa na wizara yake, kamati yake ya bunge, kesi yake na watetezi wake. Mfuko wa mfanyakazi ni mmoja. Naamini kazi ya kwanza ya mpinzani aliyeketi kwenye meza ya utatu ingekuwa kuuliza swali ambalo hakuna wizara inayolazimika kuliuliza: mkijumlisha yote haya, mtu huyu anabaki na ngapi?

Meza yenyewe tunayo, tena ya zamani. Oktoba 1962, kabla hata bendera yetu haijapandishwa, serikali, FKE na shirikisho la vyama vya wafanyakazi la wakati huo walitia saini Mkataba wa Mahusiano ya Viwandani. Waziri wa Leba alikuwa Tom Mboya. Jambo ambalo husahaulika tukiusifu mkataba ule ni kwamba tangu Aprili mwaka huo nchi ilikuwa chini ya serikali ya mseto, KANU na KADU pamoja. Vyama viwili vilivyopingana vikali kuhusu majimbo na ardhi vilikuwa ndani ya baraza moja la mawaziri mkataba ulipozaliwa. Mwaka 1964 yakaja makubaliano mengine ya pande tatu: waajiri binafsi waongeze ajira kwa asilimia 10, serikali kwa asilimia 15, na wafanyakazi wasiombe nyongeza wala kugoma kwa mwaka mzima. Mwishoni mwa mwaka huo KADU ikajivunja. Baadaye KPU, chama kingine cha upinzani, ikapigwa marufuku, 1969. Kwa hiyo mila yetu ya kuzungumza kwa pande tatu ilikulia katika nchi ambayo haikuwa na upinzani wa kuualika. Sheria ya Taasisi za Leba ya 2007 ikaunda Bodi ya Kitaifa ya Leba na mabaraza ya mishahara kwa mtindo ule ule: serikali, waajiri, wafanyakazi. Vyama vingi vilikuwa vimerudi miaka kumi na mitano kabla yake, lakini meza haikuongezwa kiti.

Mtaniambia upinzani ulipewa nafasi yake Bomas, ukumbi wa Nairobi ulikofanyika mazungumzo ya 2023. Tuizungumze Bomas basi, kwa sababu hapo ndipo tulipoonyeshwa kasoro nzima.

Agosti 2023, baada ya maandamano ya Machi na yale ya Julai, Kenya Kwanza, muungano wa serikali, na Azimio, muungano wa upinzani, waliketi kama Kamati ya Kitaifa ya Mazungumzo, NADCO. Wajumbe watano huku, watano kule, Kimani Ichung'wah na Kalonzo Musyoka wakiwa wenyeviti-wenza. Gharama ya maisha ilikuwa kwenye ajenda. Huku kwetu tuliifuata habari hiyo kwenye simu wakati wa chai ya saa nne, mahamri mkononi, watu wakiulizana kama mafuta yatashuka. Hakukuwa na aliyeuliza juu ya ofisi ya mtu yeyote.

Hesabuni waliokuwa wamekaa: wanasiasa kumi. COTU haikuwa mjumbe. FKE haikuwa mjumbe. Ripoti ilipotoka mwishoni mwa Novemba, walikuwa wameelewana juu ya ofisi: iundwe ofisi ya Kiongozi Rasmi wa Upinzani, na ile ya Mkuu wa Mawaziri iingizwe kwenye Katiba. Juu ya kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya mafuta, ambayo Azimio walitaka ishuke kutoka asilimia 16 hadi 8, hawakuelewana. Juu ya ada ya nyumba, hawakuelewana. Martha Karua, mmoja wa viongozi wa Azimio yenyewe, aliikataa ripoti kwa sababu haikugusa gharama ya maisha ipasavyo, na mimi naona alisema kweli. Siku chache tu baadaye, tarehe 28 Novemba, Mahakama Kuu ikatamka kwamba ada ya nyumba ilikuwa kinyume cha Katiba. Serikali ikarudi na sheria mpya Machi 2024, na makato yakaendelea.

Siwalaumu wale kumi kwamba hawakuelewana. Watu wenye misimamo tofauti wana haki ya kutoelewana. Ninacholalamikia ni kwamba waliketi bila wenye mshahara na bila wanaoulipa. Kama mwajiri angekuwepo, angeeleza kwamba ada ya nyumba na NSSF yeye pia huzilipa, shilingi 2,250 kila mwezi kwa yule mtu wetu wa 30,000, na kwamba pesa hizo ndizo anazozitaja tukimwomba nyongeza. Kama chama cha wafanyakazi kingekuwepo, kingeuliza VAT ikishuka nauli itashuka lini. Watu wa Mikindani na Jomvu wanajua kwamba EPRA, mamlaka ya bei za mafuta, ikipandisha bei tarehe 14, asubuhi yake makanga wameshaongeza nauli. Ikishusha, hawana habari. Mambo kama haya huwa na majibu yanapowekwa mbele ya wahusika. Wanasiasa wakiachwa peke yao wataelewana juu ya wanachokijua zaidi, nacho ni vyeo.

Kilichofuata mnakijua. Mei 2024 Mswada wa Fedha ulifika Bunge la Kitaifa. Tarehe 25 Juni wabunge 195 waliupitisha na 106 wakaukataa. Upinzani ulihesabiwa siku ile, namba 106, wakati hakuna neno ambalo lingeweza kubadilishwa tena. Vijana wasio na chama waliingia bungeni kwa miguu yao. Watu waliuawa. Kesho yake Rais akakataa kuutia saini. Ninawaomba mfikirie kwa uzito jambo hili: nchi nzima haikuwa na mahali popote kati ya Januari na Juni ambapo pingamizi dhidi ya mswada ule lingeweza kusikilizwa mezani na likabadilisha kitu. Vikao vya maoni ya wananchi vilikuwepo, na vikundi na mashirika yalifika na karatasi zao. Kutoa maoni kwa dakika tano mbele ya kamati iliyokwisha kuamua si mazungumzo.

Halafu Agosti ikaja serikali jumuishi, iliyowaingiza wapinzani katika baraza la mawaziri. Hapa nitataja majina, kwa heshima, kwa sababu ni mambo ya hadharani. John Mbadi alikuwa mwenyekiti wa Kamati ya Bunge ya Hesabu za Umma, kamati ambayo kwa desturi huongozwa na upinzani ili ikague matumizi ya serikali. Akawa Waziri wa Fedha. Opiyo Wandayi alikuwa Kiongozi wa Wachache, na mmoja wa watano wa Azimio kule Bomas. Akawa Waziri wa Kawi. Sisemi walikosa. Huenda walitumikia vizuri kuliko wengine. Ninachosema ni kwamba viti walivyoviacha vilikuwa vyetu pia. Aliyetetea VAT ya asilimia 8 mezani alipoapishwa kusimamia mafuta, VAT ilikuwa bado asilimia 16, na sisi tukabaki bila wa kumuuliza. Machi 2025 Rais na marehemu Raila Odinga wakatia saini makubaliano ya mambo kumi pale KICC, na mojawapo likawa kutekeleza ripoti ya NADCO. Ripoti ile ile ambayo ada ya nyumba na VAT zilikuwa zimeshindikana ndani yake.

Mtasema hakuna nchi inayoweka upinzani kwenye meza ya aina hii. Ayalandi walijaribu, na nawaomba washauri wenu waisome habari yao kwa makini, mema na mabaya. Mwaka 1987 nchi hiyo ilikuwa na deni zito na ukosefu wa ajira wa karibu asilimia 17. Serikali ya Charles Haughey haikuwa na wingi bungeni. Tarehe 2 Septemba kiongozi wa upinzani, Alan Dukes wa Fine Gael, alisimama katika mji wa Tallaght akatangaza kwamba chama chake hakitaipinga serikali kwa ajili ya kupinga tu, mradi iende katika mwelekeo sahihi wa kuuponya uchumi. Mwezi uliofuata serikali, waajiri, vyama vya wafanyakazi na wakulima wakafunga mkataba wa miaka mitatu: nyongeza ya mishahara isizidi asilimia 2.5 kwa mwaka, na kodi ya mapato ipunguzwe. Msingi wa makubaliano hayo ulikuwa ripoti ya baraza lao la uchumi na jamii iliyoandikwa mwaka uliotangulia, Fine Gael yenyewe ikiwa madarakani. Serikali ilibadilika, karatasi ikabaki. Dukes hakupewa uwaziri kwa hilo. Mwaka 1990 aliuacha hata uongozi wa chama chake. Aliketi upande wa upinzani, akaupigia kura mpango pale alipouona sawa, akabaki huru kuukemea pale alipouona mbovu.

Mwaka 1993 wakaenda hatua moja zaidi. Waliunda jukwaa la kitaifa la uchumi na jamii ambalo wajumbe wake walikuwemo wabunge wa serikali na wa upinzani, pamoja na waajiri, wafanyakazi, wakulima, na mashirika ya wasio na kazi na maskini. Lilikuwa jukwaa la ushauri, na mikataba mikubwa ya mishahara iliendelea kufungwa kwingine, bila wabunge. Malalamiko ya miaka yote yalikuwa kwamba bunge linaletewa mambo yaliyokwisha kupikwa. Uchumi ulipoporomoka, mfumo mzima ukavunjika Desemba 2009, na watumishi wa umma wakapunguziwa mishahara kwa sheria. Wanaoutetea mfumo ule wana hoja zao, na nyingi ni nzuri. Mimi nimechukua moja: makubaliano yasiyo na shahidi wa upande wa pili hukosa mtetezi siku mambo yakiharibika.

Najua pingamizi litakalotoka kwa wenzangu wa COTU, kwa sababu nalisikia kwenye vikao vyetu vya tawi: tukiwaleta wanasiasa, watatuvuruga. Ndugu zangu, wanasiasa wako ndani tayari. Mwaka 2022 uongozi wetu ulisimama na Azimio jukwaani, na baada ya uchaguzi ukasogea upande wa serikali. Sikatai kwamba chama cha wafanyakazi lazima kizungumze na aliye madarakani. Lakini kiti cha wazi cha upinzani kingetupunguzia hasa mzigo huo. Hatungehitaji kuwa upinzani nusu na serikali nusu. Tungedai mshahara, na wao wangedai uwajibikaji.

Ipo sababu nyingine, na kwangu hii ndiyo kubwa kuliko zote. Zaidi ya asilimia 80 ya Wakenya walio kazini wako kwenye sekta ya jua kali, yaani kazi zisizo rasmi. Mama anayeuza viazi karai nje ya lango letu hana CBA, hana chama, hana mwajiri mwanachama wa FKE. Anatakiwa kulipa SHIF kwa kukadiriwa mapato ya nyumba yake, na sheria ya 2024 ikapanua ada ya nyumba hadi kwa watu kama yeye. Meza ya pande tatu haimwoni. Kura anayo, na mbunge anaye, na kwa sababu hiyo mwanasiasa wa upinzani ana haki ya kumsemea ambayo sisi wa vyama hatuna. Kama upinzani hautamsemea huyo, sijui unamsemea nani.

Kwa hiyo nawaomba yafuatayo. Sheria ya Taasisi za Leba irekebishwe ili upande wa wachache katika Bunge la Kitaifa na ule wa Seneti utoe mjumbe mmoja mmoja katika Bodi ya Kitaifa ya Leba, kila inapojadiliwa kima cha chini au kato lolote la mshahara. Wasipige kura, utatu ubaki wa pande tatu, kama mikataba ya kimataifa tuliyoridhia inavyotaka. Wapate kila karatasi ambayo wengine wanaipata, waseme, na wasipokubaliana waandike kwa nini. Andiko lao liambatanishwe na Taarifa ya Sera ya Bajeti inayofika Bungeni kufikia tarehe 15 Februari, ili mbunge asome pingamizi miezi minne kabla ya kupigia kura mswada wa fedha. Pia waruhusiwe kuleta mtu mmoja wa jua kali aketi nao na azungumze mwenyewe. Na mjumbe akikubali kazi ya uteuzi serikalini, kiti chake kiwe wazi siku hiyo hiyo na upande wake uteue mwingine kabla ya kikao kinachofuata.

Mheshimiwa Rais, uchaguzi wa Agosti 2027 haujafika, na hujui utakaa upande gani wa meza hiyo baada yake. Hakuna wakati bora wa kuiandika kanuni kuliko huu.

Viongozi wa upinzani, nanyi msijifiche nyuma ya madai ya ofisi ya Kiongozi Rasmi wa Upinzani. Ofisi hiyo inahitaji Katiba ibadilishwe. Ninachowaomba hakihitaji hata sheria kukianza. Teueni wajumbe wenu wawili sasa, mtangaze majina, waende kwa Bodi, COTU na FKE waombe kuketi kama watazamaji. Wakikataliwa, tuambieni ni nani aliyekataa. Wakikubaliwa, njooni Changamwe mtueleze mlichokisema humo ndani na mlichojibiwa. Ukumbi wa chama tunao, na watu watakuja.

Mwakilishi wa wafanyakazi,
Changamwe, Mombasa